Wosia wa Marehemu: Maadili ya Kale katika Cinderella ya 2015 (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi kampuni ya Disney ilivyoanza kuzirudia katuni zake za zamani kwa waigizaji wa kweli. Leo tuichukue moja tu: Cinderella ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Kenneth Branagh na kuandikwa na Chris Weitz. Walioisifu walisema imerudisha maadili ya zamani. Walioilaumu walisema hivyo hivyo, ila kwa kukunja uso. Pande zote mbili zilikuwa na maana ya upole na utii wa msichana, nami naona zilikosea pa kutazama. Kinachoiendesha filamu hii ni wosia.

Ella, anayeigizwa na Lily James, ni mtoto pekee. Mama yake akiwa kitandani kwa ugonjwa wa mwisho anamwusia mambo mawili: awe jasiri na awe mwema. Hadithi ya Mfaransa Charles Perrault ya mwaka 1697, iliyotupa kiatu cha kioo na boga linalogeuka gari la farasi, haina tukio hilo. Mama anatajwa kwa kupitia tu. Limetoka kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, waliochapisha hadithi yao mwaka 1812. Kwao mama anamwusia binti amche Mungu na adumu katika wema, naye atamtazama kutoka mbinguni. Weitz ameuondoa uchaji Mungu na kuweka ujasiri mahali pake, na badiliko hilo si dogo. Subira ya msichana wa Grimm ina pa kuegemea: huenda kaburini kwa mama yake, akalia na kusali, na mti uliomea hapo ndio unaomteremshia nguo za karamuni. Ella haonekani akisali. Alichonacho ni nyumba.

Kuna siku yuko sokoni, na mwanamke anayemfahamu anamwuliza kwa nini haondoki akaachana na mateso ya mama yake wa kambo. Jibu lake ni kwamba aliwaahidi wazazi wake kuitunza nyumba walimoishi kwa furaha. Basi kupika, kufua, kulala darini, kuamka na majivu usoni, yote hayo anayabeba kama mtu aliyekabidhiwa amana. Msomaji aliyewahi kuona ndugu wakikataa kuuza nyumba ya marehemu, ijapokuwa paa linavuja, hatahitaji maelezo zaidi.

Baba naye anaacha chake. Anaposafiri, mabinti wa kambo wanaagiza lesi na mwavuli wa jua. Ella anaomba tawi la kwanza litakalomgusa baba begani njiani. Hilo pia ni la Grimm, ingawa kwao baba anarudi salama. Katika filamu anayerudi ni mjumbe, na tawi mkononi. Mabinti wa kambo wanaulizia vitu vyao.

Uzito wa wosia unapimwa karibu na mwisho, darini. Mama wa kambo, Cate Blanchett, amekifichua kiatu cha kioo na sasa anataka biashara: atamsaidia Ella kuolewa na mwana wa mfalme, na yeye apewe usimamizi wa nyumba ya kifalme na mabinti zake waozwe kwa mabwana wakubwa. Msichana mtiifu tu angekubali. Alikwisha kuzoea kuamriwa. Ella anakataa. Anasema hakuweza kumlinda baba yake na mwanamke huyu, lakini yeye atamlinda mwana wa mfalme. Kiatu kinapigwa na kuvunjika. Ella anauliza kwa nini anafanyiwa ukatili huu, naye mama wa kambo, sauti ikimpasuka, anataja ujana wa Ella, usafi wake na wema wake, kisha anashindwa kumalizia habari zake mwenyewe.

Hapo ndipo filamu ilipomzidi Perrault na Grimm kwa maarifa ya watu. Mapema tulimwona mwanamke huyo amesimama mlangoni, akimsikia mume wake mpya akimwambia Ella kwamba roho ya nyumba hii bado ni mama yake marehemu. Mjane aliyeolewa mara ya pili, mwenye mabinti wawili wa kuoza, anagundua kwamba kiti alichokuja kukikalia kina mwenyewe, tena mwenyewe amekufa na hakosei tena. Uaminifu kwa wafu ni jambo zuri, lakini unaweza kumnyima aliye hai nafasi ya kupumua. Hilo halimtakasi mama wa kambo hata kidogo. Linaeleza tu kwa nini wema wa Ella unamchoma.

Mwana wa mfalme tumguse kwa ufupi. Watu husifu kwamba anaoa kwa mapenzi, lakini haoi kwa kutoroka wala kwa kumpinga mzee wake. Mfalme, Derek Jacobi, akiwa anakata roho, ndiye anayemfungulia asioe kwa ajili ya mapatano ya nchi. Ruhusa ya mzazi imetafutwa na imepatikana, na hilo ni la kizamani kuliko gauni lolote la bluu.

Msamaha ndio ulioniacha na kinyongo. Grimm, katika matoleo yao ya baadaye, waliwaacha njiwa wawadonoe macho dada wa kambo. Perrault alifanya kinyume: msichana wake anawasamehe dada zake, anawaleta kukaa ikulu, anawaoza kwa mabwana wawili wa baraza siku ile ile ya harusi yake. Ella wa 2015 anageuka ngazini, anamwambia mama wa kambo kwamba amemsamehe, anatoka mlangoni. Kisha msimulizi anatuarifu kwamba mama na mabinti waliondoka katika ufalme ule wasirudi tena. Maneno ni ya Perrault, matokeo ni ya uhamishoni, na wale mabinti wawili hawakukaribishwa hata chai.

Itaendelea wiki ijayo: baba aliyechuma waridi, katika Beauty and the Beast ya 2017.