Redio ya Gari: Tazama Nyuma ya Dashibodi



Katika mashamba na viwanda vyetu hapa Uganda madereva wengi, na hata wafanyakazi waliojaliwa kununua kigari cha mtumba, hupenda kuwekewa redio mpya. Hiyo si anasa. Dereva wa lori la majani ya chai hukaa kwenye usukani tangu alfajiri mpaka jioni, na taarifa ya habari ni haki yake kama ya mtu mwingine. Tena magari mengi yanayofika kwetu yametumika kwanza Japani. Redio za kule zimetengenezwa kupokea FM toka 76 hadi 90 tu, au 95 kwa zile za karibuni, hali stesheni zetu zimetapakaa toka 88 hadi 108. Kuna kidude cha bei ndogo kinachounganishwa kwenye waya wa eriali ili kuzihamisha stesheni, lakini mjini ambako stesheni ni nyingi hugongana, na namba unayoiona kwenye kioo siyo ya stesheni unayoisikiliza. Ndiyo maana watu huishia kununua redio nyingine kabisa.

Taabu huanza hapo. Fundi wa kando ya barabara anaichomeka kwa nusu saa, uso wa redio unang'aa, mwenye gari anafurahi na kulipa. Alicholipia ni uso tu. Nyuma ya dashibodi kumebaki nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu, na joto la mchana likiilegeza gundi ya tepu hiyo, shaba inabaki wazi karibu na bati.

Basi tuanze na kipimo. Redio za gari zimewekewa ukubwa maalumu duniani: upana milimita 180, na kimo milimita 50 kwa redio ya ghorofa moja au 100 kwa ya ghorofa mbili. Kipimo hiki kilitoka Ujerumani na mafundi hukiita DIN, ambayo haina uhusiano wowote na dini ya kanisani wala msikitini. Lakini magari mengi ya Toyota yana tundu la upana wa milimita 200. Ukiingiza redio ya 180 unabaki na mwanya wa milimita 10 kila upande, na hapo ndipo utaona watu wakishindilia karatasi, spongi, hata kipande cha ndala. Dawa yake ni vipande viwili vya plastiki vya kuziba pembeni, vinauzwa kwa bei nafuu. Redio ya zamani ikitolewa, usiruhusu yale masikio yake ya bati ya pembeni yatupwe. Mara nyingi matundu yake ya skrubu yanalingana na ya redio mpya, nayo ndiyo yataikaza isicheze. Katika barabara za shamba, redio inayocheza hukata nyaya zake yenyewe.

Kabla ya kugusa chochote, fundi afungue waya hasi wa betri. Gari likiwa na mifuko ya hewa inayofura wakati wa ajali, angoje dakika moja na nusu au zaidi ndipo aanze, na asiguse kabisa plagi za manjano za mifuko hiyo.

Sasa nyaya zenyewe. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, waya wa manjano hutoka kwenye betri moja kwa moja ili redio ikumbuke saa na stesheni. Waya mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa. Mweusi huenda kwenye bodi ya gari. Spika zina jozi nne: nyeupe na kijivu za mbele, kijani na zambarau za nyuma, na kila rangi ina mwenzake mwenye mstari mweusi. Huo wenye mstari usifungwe kwenye bodi ya gari hata siku moja, maana redio za siku hizi huungua kwa kosa hilo. Fundi mvivu huunganisha manjano na nyekundu pamoja; redio italia, lakini ukisahau kuizima Jumamosi, Jumatatu utalisukuma gari.

Plagi za gari zisikatwe. Toyota nyingi zina plagi mbili, moja ya nyaya 10 na nyingine ya nyaya 6, na inauzwa plagi ya kubadilishia inayoingia humo bila kukata kitu. Na fyuzi ibaki ile ile. Katoni inaweza kujisifu wati 200, lakini piga hesabu mwenyewe: ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120.

Kwa malori jambo ni zito zaidi. Malori mengi makubwa yanatumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatana. Redio ya volti 12 ikiunganishwa humo inakufa papo hapo. Wengine hujifanya wajanja wakachukua umeme wa betri moja peke yake. Hapo betri hiyo huishiwa kila siku na mwenzake hujazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zimeharibika. Lazima kiwekwe kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, chenye fyuzi yake.

Nalisema hili kwa sababu nimeshakaa mezani kutetea dereva kwa ajili ya waya mmoja. Katika shamba moja dashibodi ya lori iliungua, na waya wa redio ulikuwa umechukuliwa kwenye betri bila fyuzi. Mwajiri akaanza kumkata dereva mshahara kila mwezi, akisema redio aliiweka kwa hiari yake. Dereva akasema msimamizi wa usafiri alimruhusu, na kweli wote karakanani walijua, lakini ruhusa ilikuwa ya mdomo na fundi hakutoa risiti. Tulibishana vikao vitatu. Makato yalisimamishwa, ila yaliyokwisha kukatwa hayakurudi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeyawekea mipaka makato ya mshahara, lakini mbele ya mwajiri karatasi husikika kuliko mashahidi.

Fundi naye ni mfanyakazi mwenzetu. Ukimbana bei mpaka alipwe nusu saa, atakufanyia kazi ya nusu saa. Mkubaliane kabla: kutafuta plagi ya kubadilishia, kuchoma solda au kubana viungo kwa vifaa vyake, kufunga nyaya pamoja zisining'inie kwenye pedali, na kukuonyesha kazi yote kabla uso wa dashibodi haujarudishwa. Mwambie awashe taa, honi na redio kwa pamoja, halafu azime ufunguo uone kama redio inazimika.

Kama gari ni la kampuni, omba kwanza kibali cha maandishi chenye sahihi ya msimamizi wa usafiri, na risiti ya fundi iandike aina ya redio, ampea za fyuzi na tarehe. Mpe karani wa tawi nakala. Zako ziweke nyumbani, usiziache ndani ya lori.