Mpangilio wa Baiti na Aina za Data katika Mawasiliano ya Kompyuta: Mtazamo wa Kiisimu

1.0 Utangulizi

Kiswahili kilipokopa maneno ishirini, thelathini na arobaini kutoka Kiarabu, hakikukopa mpangilio wake. Mwarabu hutanguliza mamoja, akasema “tano na ishirini”. Mswahili hutanguliza makumi, akasema “ishirini na tano”. Thamani ni ileile. Kinachotofautiana ni kipi kitangulie. Hata hivyo, Mswahili huyohuyo anapotaja tarehe hutanguliza kilicho kidogo: siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Wasikilizaji hawatatiziki, kwa kuwa wanaijua kaida inayotawala kila aina ya habari. Mhadhara huu unafafanua namna suala hilohilo linavyojitokeza katika kompyuta zinazowasiliana. Kompyuta haina muktadha wa kuisaidia kukisia. Hivyo, kaida yake sharti ielezwe waziwazi.

2.0 Baiti ipi Itangulie?

Baiti ni fungu la biti nane, na huweza kubeba namba kuanzia 0 hadi 255. Namba inayozidi hapo huhitaji baiti mbili au zaidi. Tuchukue 1930, mwaka ilipoanza kazi kamati ya kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki. Namba hiyo ni 7 mara 256, jumlisha 138; kwa hiyo huhifadhiwa kwa baiti mbili, yaani 7 na 138. Baadhi ya mashine, kama vile IBM System/360 iliyotangazwa mwaka 1964, hutanguliza baiti yenye uzito mkubwa: 7, 138. Nyingine, zikiwamo zenye vichakataji vya Intel vya jamii ya x86, hutanguliza baiti yenye uzito mdogo: 138, 7. Mashine ya kundi la kwanza ikipokea baiti hizo kama zilivyo kutoka kundi la pili, itasoma 35,335. Baiti zote zimefika salama. Kilichopotea ni maana.

Mwaka 1980 Danny Cohen aliyapa makundi hayo majina yanayotokana na riwaya ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, Gulliver’s Travels, ambamo watu hupigana kuhusu ncha ya yai inayostahili kupasuliwa kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba kukubaliana ni muhimu kuliko upande unaochaguliwa.

3.0 Lahaja Nyumbani, Sanifu Njiani

Hoja hiyo si ngeni kwa wanafunzi wa historia ya Kiswahili. Uteuzi wa Kiunguja mwaka 1928 haukukiondoa Kimvita vinywani mwa wasemaji wake. Uliweka umbo moja la kuandikia vitabu vya shule. Itifaki za msingi za intaneti nazo zilifuata njia kama hiyo: namba zake husafiri zikitanguliza baiti yenye uzito mkubwa, ilhali kila kompyuta hubaki na mpangilio wake ndani.

Ugeuzaji huo hufungamana na aina ya data. Lugha ya C huwa na htons kwa namba ya biti 16 na htonl kwa namba ya biti 32. Ntohs na ntohl hufanya kinyume chake baada ya ujumbe kupokelewa. Namba ya poti ya huduma za wavuti, 80, ni ya biti 16. Mwandishi wa programu katika mashine ya x86 asipoigeuza, programu yake itabisha hodi kwenye poti 20,480. Akitumia htonl mahali pa htons, biti 16 zitakazosalia ni sifuri tupu, na poti itakuwa 0. Akigeuza mara mbili, atakuwa amerudi alikoanza.

Maandishi nayo yana kanuni yake. Katika usimbaji wa UTF-8 kipashio ni baiti moja, na mfuatano wa baiti umekwisha kuwekwa na kanuni yenyewe. Hakuna cha kugeuza. Katika UTF-16 kipashio ni baiti mbili: herufi k ni 0 na 107. Baiti hizo zikisomwa kinyumenyume, kila herufi ya neno kitabu hugeuka kuwa herufi ya Kichina. Ndiyo sababu faili la UTF-16 huweza kutanguliwa na alama maalumu inayomjulisha msomaji mpangilio uliotumika.

4.0 Hitimisho

Mtafiti anayehifadhi idadi za maneno ya matini zake katika faili la baiti hana budi kuandika mambo mawili kando yake: kila namba ina biti ngapi, na baiti ipi inatangulia. Asipofanya hivyo, atakayelifungua faili hilo baada ya miaka ishirini katika mashine nyingine atapata idadi zinazosomeka lakini zisizo za kweli. Kosa la namna hiyo ni gumu kugundua kuliko faili lisilofunguka, kwa kuwa halimpi msomaji sababu ya kushuku.