Mtoto akileta haiku nyumbani, mzazi asikimbie

Mwanafunzi wa sekondari akirudi na kazi ya kutunga haiku kwa Kiingereza, wazazi wengi hujitoa mapema: "Hayo ni ya kwenu wasomi." Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hubaki peke yake na lugha ngeni. Hata hivyo, mzazi anayejua Kiswahili anaweza kumsaidia sana.

Haiku ni shairi fupi lililotoka Japani. Mtindo huo ulikuzwa na Matsuo Bashō (1644–1694), na jina "haiku" likaenezwa na Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19. Kwa Kiingereza huandikwa kwa mistari mitatu ya mizani 5, 7 na 5, jumla 17. Haina vina wala kichwa.

Mizani si jambo geni kwetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizieleza sheria zake katika kitabu cha mwaka 1954, na mstari wa shairi lililozoeleka una mizani 16. Haiku nzima, basi, inauzidi mstari huo kwa mizani moja tu.

Mtoto ahesabu kwa kupiga makofi. "Mtoto" ni makofi matatu: m-to-to. "Ndege" ni mawili: nde-ge. Wajapani nao huhesabu karibu hivyo; "Nippon", jina la nchi yao, kwao ni mapigo manne. Kiingereza ni tofauti: neno "strength" lina herufi 8 lakini ni silabi moja. Silabi 17 za Kiingereza hubeba maneno mengi mno, ndiyo maana watungaji wengi wa lugha hiyo leo hutunga fupi zaidi. Kama mwalimu ametaka 5-7-5, mtoto aifuate.

Lakini hesabu peke yake haitoshi. Tazama hii:

Ziwa ni zuri,
linapendeza sana,
ninalipenda.

Mizani imetimia, ila hakuna kilichoonekana. Ziwa lolote lingefaa. Sasa hii, ya mwambao wa Nyasa, wavuvi wa usipa wakiwa kazini na karabai zao:

Hakuna mwezi —
taa nne ziwani,
mama yu macho.

Haisemi kuwa mama ana wasiwasi. Inaweka vitu viwili karibu, taa na mama, msomaji anaunganisha mwenyewe. Kistari kile ni pumzi inayotenganisha picha. Wajapani wana maneno maalumu ya kazi hiyo.

Kanuni nyingine ni neno la msimu. Japani, maua ya mcheri humaanisha majira ya kuchipua. Mtoto wa Maguu hana haja ya kuazima maua asiyoyajua. Anayo maua meupe ya kahawa, kumbikumbi wa mvua za kwanza, ngoro zinazolimwa mteremkoni, na baridi ya Juni wakati wa mavuno:

Baridi kali —
kahawa kichanjani,
kuku mmoja.

Aliyewahi kutumwa kulinda kahawa anajua kitakachofuata.

Hapo ndipo mzazi ana kazi. Jioni, amuulize mtoto: leo umeona nini, umesikia nini, kilikuwa wapi? Akijibu "mazingira mazuri", amuulize tena mpaka ataje kitu kinachoshikika. Amwambie aache "kama" na "sana", na atumie wakati uliopo. Waitunge kwanza kwa Kiswahili, wapige makofi, ndipo mtoto aiandike upya kwa Kiingereza.

Asitafsiri neno kwa neno, maana hesabu itavunjika. Abaki na picha zilezile mbili, atafute maneno mafupi ya Kiingereza anayoyajua. Kuku, kahawa na baridi ni maneno ya darasa la chini. Kamusi ikihitajika, itakuwa kwa neno moja au mawili tu, kichanja likiwa la kwanza.