Gemu za vita na adabu ya vita: Tuwafundishe nini watoto wetu?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, makala ya Ijumaa hii imetokana na swali la mzazi mmoja wa hapa Kifanya, mkoani Njombe, aliyenisubiri nje ya msikiti baada ya Swala ya Alasiri.

Mzazi huyo hupeleka viazi Makambako, na siku za likizo hufuatana na mwanawe mwenye umri wa miaka 12. Makambako ni njia panda: barabara ya Njombe na Songea inakutana hapo na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Penye wasafiri wengi hapakosi vibanda vya gemu. Siku hiyo baba alipomaliza biashara yake alimkuta mwanawe kibandani, akasimama nyuma yake akitazama. Kwenye kioo alionekana askari wa adui aliyetupa bunduki na kuinua mikono juu. Mtoto akampiga risasi, na pointi zikapanda.

"Mbona umempiga, naye amekwisha kusalimu amri?" akauliza baba.

"Baba, huyu si mtu," akajibu mtoto. "Halafu ukimwacha hupati kitu."

Mzazi akaniambia: "Sheikh, nilikosa la kumjibu. Kweli yule si mtu. Lakini moyo wangu haukutulia. Vita vina sheria zake. Je, gemu nazo zifuate sheria hizo?"

Swali hili si dogo, na wala si la Kifanya peke yake.

Sheria inasema nini?

Tuanze kwa uadilifu, tusimbebeshe mtoto mzigo usio wake. Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo Tanganyika ilijiunga nayo mwaka 1962, inawalinda majeruhi, mateka na raia katika vita vya kweli. Anayecheza gemu hajamwaga damu ya mtu wala hana mateka mikononi mwake. Hawezi kushtakiwa. Katika fiqhi pia, hukumu za kuua zinafuata roho iliyotolewa, na mtoto kalamu imeinuliwa kwake hadi abaleghe. Kwa hiyo anayemwambia mtoto yule kuwa ni muuaji amesema asilolijua.

Hata hivyo, wakubwa wa dunia nao wamelijadili jambo hili. Mwaka 2011, wakati wa mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu mjini Geneva, ulifanyika mjadala kuhusu gemu za vita, na zikaenea habari kuwa wachezaji huenda wakahesabiwa kuwa wavunjaji wa sheria. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikakanusha, na mwaka 2013 ikaufafanua msimamo wake. Haikuzungumzia gemu za mazimwi na viumbe vya kubuni, bali zile zinazoiga medani za vita vya leo. Haikutaka zipigwe marufuku. Iliwaomba watengenezaji kwamba, kwa kuwa mchezaji hupewa tuzo na hasara kwa matendo yake, basi anayemuua mateka apate hasara humo humo mchezoni, na anayeheshimu sheria apate tuzo.

Jambo hilo linawezekana. Mwaka 2017 kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki iliongeza katika gemu yake ya Arma 3 sehemu nzima kuhusu sheria za vita, ambamo mchezaji anashika nafasi ya mtoa misaada anayetegua mabomu ya ardhini. Kinyume chake, katika Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 kulikuwa na sehemu ambayo mchezaji anafuatana na wauaji ndani ya uwanja wa ndege. Sehemu hiyo angeweza kuiruka, lakini akiicheza, kuwapiga risasi abiria hakukumfanya ashindwe.

Mipaka ya vita katika Uislamu

Ndugu msomaji, mipaka ya vita si jambo jipya kwetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 190, Mwenyezi Mungu anaruhusu kupigana na wanaotupiga, na hapo hapo anakataza kupindukia mipaka. Suratul Insan, aya ya 8, inawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mateka, hali ya kuwa chakula hicho wenyewe wanakipenda. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwanamke alikutwa ameuawa katika moja ya vita, na Mtume (s.a.w.) akakataza kuwaua wanawake na watoto.

Naye Abubakar Siddiq (r.a.), alipolituma jeshi Sham, alimuusia amiri wake, Yazid bin Abi Sufyan, mambo kumi ambayo Imamu Malik ameyapokea katika Muwatta. Miongoni mwayo ni kutomuua mwanamke, mtoto wala mkongwe, kutoikata miti yenye matunda, kutobomoa mahali palipokaliwa na watu, na kutochinja kondoo au ngamia ila kwa ajili ya kula. Ulikuwa bado karne 13 kabla ya mikataba ya Geneva.

Mchezo nao una mipaka

Atasema mtu: hayo ni ya vita, sisi tunazungumza mchezo. Ni kweli, na dini yetu haikuufunga mlango wa mchezo. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini, na Mtume (s.a.w.) alimruhusu Bibi Aisha (r.a.) kuwatazama. Mchezo wenye sura ya vita, basi, si haramu kwa kuwa tu una sura ya vita.

Lakini Abdullah bin Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege na kumfanya shabaha, na kila mshale uliokosa ukawa wa mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika. Akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya shabaha kitu chenye roho. Picha ya kwenye kioo haina roho, hivyo hukumu hii hatuihamishi kama ilivyo. Lakini tunajifunza kwamba neno "tunacheza tu" halikuwa udhuru.

Zaidi ya hapo, Mtume (s.a.w.) amekataza kumwelekezea ndugu yako silaha, na amekataza kumtia Muislamu hofu. Katazo hili la pili, kwa mapokezi ya Abu Daud, lilitokana na mzaha: mtu alilala safarini, wenzake wakachukua kamba aliyokuwa nayo, akashtuka. Hakuumia yeyote. Ila mzaha nao huulea moyo, na moyo ndio uliokusudiwa kulindwa.

"Huyu si mtu"

Sasa turudi kwenye jibu la mtoto. Kwa picha, alisema kweli. Kinachonitia hofu ni kwamba maneno hayo hayo yamewahi kusemwa juu ya binadamu, na ardhi hii ya Ubena inayajua matokeo yake.

Vita vya Majimaji vilifika huku mwezi Septemba 1905, na misheni ya Yakobi ikashambuliwa, ilhali nyumba za ibada ni miongoni mwa zinazostahiki kulindwa. Kisha majeshi ya Wajerumani yakachoma vijiji, mashamba na maghala ya Ungoni na Ubena ili njaa imalize kazi ya risasi. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa katika vita hivyo vyote ni kati ya watu 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Mkataba wa Hague wa mwaka 1899 ulikuwapo, na Ujerumani ilikuwa imeuridhia. Lakini babu zetu hawakuhesabiwa kuwa watu ambao mkataba ule unawahusu. Ilipita zaidi ya miaka mia moja ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea mwezi Novemba 2023 akaomba msamaha.

Jirani zetu wa Rwanda, mwaka 1994, redio iliwaita Watutsi mende kabla na wakati wa kuuawa kwao. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani viongozi wa redio hiyo mwaka 2003.

Sisemi kuwa gemu ndizo zilizoleta maafa hayo, wala kwamba mtoto wa Makambako atakuwa muuaji. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba gemu za ukatili zina uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuzihusisha na mauaji. Hoja yangu ni nyepesi zaidi: mchezo ni darasa, na darasa linalotoa tuzo kwa kumpiga aliyeinua mikono limeacha nje nusu ya somo la vita. Nusu hiyo ndiyo iliyokosekana Ubena mwaka 1905.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, akae kando ya mwanawe atazame, kama alivyofanya mzee wetu. Katazo la asiyejua anachokikataza humpeleka mtoto kucheza kwa siri.

Pili, atazame umri. Gemu nyingi za vita zimeandikwa kwenye jalada kuwa ni za miaka 16 au 18. Kibandani jalada halionekani. Mzazi amuulize mwenye kibanda, na mwenye kibanda amche Mungu kwa watoto wa wenzake.

Tatu, mchezo usile swala, masomo wala kazi za nyumbani.

Nne, pale ambapo gemu haina sheria, nyumba iwe nayo. Aliyeinua mikono hapigwi. Raia hapigwi. Gari la wagonjwa halipigwi. Hata bao, mchezo wa wazee wetu, lina kanuni, na anayezivunja haambiwi ameshinda.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mzazi yule. Ijumaa iliyofuata alikuja na mwanawe, naye akanisalimu kwa adabu: "Shikamoo, sheikh. Baba amesema nisiwapige wanaosalimu amri. Lakini nitapoteza pointi."

Nikamjibu: "Marahaba, mwanangu. Zipoteze."

Akacheka, kisha akanyamaza akifikiri. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu nyoyo zinazomtambua mtu hata pale anapokuwa adui. Wallahu a'lam.