Kinga Inapougeukia Moyo

Januari 2022, klabu ya Bayern Munich ilitangaza kwamba beki wake wa kushoto, Alphonso Davies, angekaa nje kwa muda. Kijana huyo wa miaka 21, mwenye mbio zinazoogopwa na mawinga wa Ulaya nzima, alikuwa ametoka kuugua Uviko-19, na vipimo vilionyesha dalili ndogo za kuvimba kwa misuli ya moyo. Alirudi uwanjani Aprili.

Madaktari huuita ugonjwa huo mayokaditi, na virusi vinavyoweza kuuleta ni vingi. Vilivyochunguzwa zaidi maabara ni koksaki B3, ndugu wa virusi vya polio. Jamii hii ya virusi ilipewa jina la mji mdogo wa Coxsackie, jimbo la New York, baada ya Gilbert Dalldorf na Grace Sickles kuitambua mwaka 1948 kwenye kinyesi cha watoto waliopooza. Wengi wanaoambukizwa huishia kupata homa ya siku chache tu. Mara mojamoja virusi hufika moyoni, na huko kimeng'enya chake hukata distrofini, protini inayoupa nguvu utando wa seli ya msuli.

Ungedhani basi kwamba madhara yote ni ya virusi. Sivyo. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwaambukiza koksaki B3 panya walioondolewa seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazosaka seli zilizoambukizwa. Mioyo yao iliumia kidogo kuliko ya panya wenye kinga kamili.

Je, kinga izimwe? Panya wasioweza kuitikia interferoni, kemikali ya tahadhari ya mwanzo kabisa, hufa siku chache tu baada ya kuambukizwa. Siku za kwanza, kinga ndiyo inayomwokoa mgonjwa. Balaa huja baadaye, seli T zinapofurika moyoni na kukataa kuondoka.

Kwa nini zigeukie nyama ya mwili wao wenyewe? Seli T hufundwa kwenye tezi ya thimasi, kifuani, kama mwali anavyofundwa na kungwi: huonyeshwa protini za mwili, na zinazozishambulia kwa nguvu huuawa kabla ya kutoka. Lakini utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba miosini alfa, protini ya misuli ya moyo, haimo katika mafunzo hayo. Kwa hiyo baadhi ya seli zinazoweza kuishambulia huzunguka mwilini kimya kimya, hadi virusi vipasue seli za moyo na miosini imwagike mbele yao.

Makrofaji, chembe nyingine za kinga, nazo zina sura mbili. Zilizoishi moyoni tangu mtoto akiwa tumboni husafisha na kukarabati. Zinazotoka kwenye uboho wakati wa ugonjwa huchochea moto zaidi, na makovu hufuata. Hapo hasara ni kubwa, maana hata katika umri wa miaka 25 ni takriban asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo zinazofanywa upya kwa mwaka. Moyo wenye makovu mengi hutanuka na kusukuma damu kwa unyonge.

Tiba imekuwa kitendawili. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1995 liliwapa baadhi ya wagonjwa 111 dawa za kupunguza kinga; hawakuwashinda wenzao waliokosa dawa hizo. Pengine lilichanganya watu ambao bado walikuwa na virusi na wale waliobaki na kinga iliyopotoka. Katika aina adimu ya mayokaditi, ambapo moyo hujaa seli kubwa zenye viini vingi, dawa hizohizo hurefusha maisha.

Ushahidi mwingine kwamba seli T zinaweza kuudhuru moyo umetoka wodi za saratani. Dawa mpya huzifungulia seli T breki ili ziue uvimbe, na mwaka 2016 madaktari waliripoti wagonjwa wawili waliokufa kwa mayokaditi baada ya kupewa dawa mbili za aina hiyo kwa pamoja. Mioyo yao ilikuwa imejaa seli T na makrofaji. Leo, dalili za mwanzo zikionekana kwa mgonjwa wa namna hiyo, dawa ya saratani husimamishwa na steroidi za kiwango cha juu huanzishwa upesi.