Motisha, Hamasa na Ari: Istilahi za Ujifunzaji wa Kielektroniki katika Madarasa Makubwa

Wafasiri wa nyaraka za elimu hukutana mara kwa mara na dhana ya kumfanya mwanafunzi atake kujifunza, na wengi huandika "kumpa motisha". Neno hili lahitaji kuangaliwa. Katika ofisi zetu motisha ni kitu anachopewa mfanyakazi: posho, zawadi au nyongeza ya malipo. Msomaji akiambiwa kwamba vifaa vya elektroniki "vinatoa motisha", aweza kudhani kuwa vifaa vyenyewe ndivyo zawadi, na kwamba vikishanunuliwa kazi imekwisha.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1991 Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kubadili mihadhara yake. Katika utaratibu huo mwalimu hueleza dhana kwa ufupi, kisha hutoa swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi hufikiri peke yake na kujibu. Halafu humgeukia jirani yake, wakahojiana, kisha akajibu tena. Majibu yaweza kutolewa kwa kunyosha mikono. Lakini kifaa kidogo cha mkononi, au simu, huyapeleka kwenye kompyuta, na mwalimu huona papo hapo darasa limegawanyikaje. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, mahojiano huwa na manufaa zaidi. Wakiwa pungufu ya hapo, humpasa mwalimu kueleza upya.

Hapa mwanafunzi hakupewa kitu. Kinachomwamsha ni kule kushika msimamo na kuutetea mbele ya mwenzake, asiweze kujificha katika wingi wa watu. Kifaa hurahisisha tu jambo hilo.

Kwa hiyo twapendekeza matumizi yafuatayo:

Motisha: kitu cha nje kitolewacho ili kuvuta juhudi, kama vile alama za ziada au zawadi.

Hamasa: msisimko wa kundi, ambao huwaka upesi na huweza kuzimika upesi.

Ari: nguvu ya ndani imsukumayo mtu kutenda bila kungoja malipo.

Kifaa cha kujibia: chombo ambacho mwanafunzi hutumia kupeleka jibu lake.

Aidha, yafaa kusema "ujifunzaji wa kielektroniki", wala si "ufundishaji", pale ambapo mtendaji ni mwanafunzi. Mfasiri aandikaye "kuamsha ari" humwelekeza mwalimu kwenye swali atakaloliuliza. Aandikaye "kutoa motisha" aweza kumwelekeza kwenye orodha ya manunuzi.