Wasiwasi na kumbukumbu za wazee wetu



Ukiwatembelea wazee wa kambi za zamani za Gécamines hapa Lubumbashi, utasikia habari mbili. Ya kwanza ni ya miaka ya posho, shule na hospitali za kampuni. Ya pili ni ya mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoanza kuachishwa kazi. Mzee mwingine hukumbuka zote mbili. Mwingine, anayeishi na wasiwasi, amebaki na ile ya pili tu. Kwa nini?

Mwaka 2003 huohuo, watafiti watatu wa Marekani, Susan Charles, Mara Mather na Laura Carstensen, waliwaonyesha watu wa umri mbalimbali picha nzuri, mbaya na za kawaida. Kadiri watu walivyokuwa wazee, ndivyo picha mbaya zilivyopungua katika yale waliyokumbuka. Kwa kawaida, basi, uzee hupunguza uzito wa mabaya.

Lakini wasiwasi unaweza kuiharibu zawadi hiyo. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala, inayotambua hatari, na jirani yake hipokampi, inayosaidia kuhifadhi yaliyotokea, wapi na lini. Mtu mwenye wasiwasi huwa macho kwa hatari wakati wote. Jambo la kutisha hushika nafasi ya mbele. Jema hupita bila kutazamwa, na lisilotazamwa halikumbukwi vizuri. Kisha kumbukumbu mbaya huzaa wasiwasi mpya, na usingizi hupotea.

Wasiwasi pia huleta usahaulifu: jina la mjukuu, mahali pa ufunguo. Ndugu, tusikimbilie kusema mzee ana uchawi au pepo, wala kwamba imani yake imepungua. Maneno hayo yamewavunja wazee wengi. Usahaulifu wa wasiwasi unaweza kupungua mzee akitunzwa. Ukiendelea, au akianza kupotea njia, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayofanana nao.

Asafu katika Zaburi ya 77 aliyajua haya. Usiku hakulala; hata kumkumbuka Mungu kulimfanya augue. Hakujificha. Alimwambia Mungu maswali yake yote, kisha akaanza kuyataja matendo ya Bwana ya zamani, hata njia katikati ya bahari. Alilia kwanza, akakumbuka baadaye.

Sisi nasi tufuate utaratibu huo. Tunapomtembelea baba au mama mzee, tusimwambie asahau. Kuna waliopitia vita vya 1960 hadi 1963, na waliofukuzwa makwao mwaka 1992 na 1993. Tusikilize kwanza. Halafu tuulize jambo moja dogo: nani alikubatiza? Kwaya yenu iliimba wapi? Picha ya harusi iko wapi? Tangu mwaka 2000, mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, wa Chuo Kikuu chetu, umekusanya habari za maisha ya wakaaji wa mji. Vijana wa parokia wanaweza kufanya hivyo nyumba kwa nyumba, kwa daftari na kalamu.

Jumapili hii, kabla ya kurudi nyumbani, mkumbuke mzee mmoja ambaye haji tena ibadani, mpite kwake. Bwana awabariki.